Hatua Sitini kutoka Jiwe la 31

4 Machi

"Barabara ya pwani haikugusa hata kaburi moja."

Mdogo wangu, nimetanguliza maneno ya mtu mwingine kabla ya salamu zangu, unisamehe. Yamenikwama kooni tangu Jumapili na nisipoyatema sitaweza kukuuliza hali. Yamesemwa gazetini na msemaji wa ofisi ya barabara, ukurasa wa nne, chini ya picha yake akiwa na kofia ya ujenzi safi kama sahani ya wageni. Wanaadhimisha miaka ishirini na mitano tangu waijenge upya barabara yenu. Imekuwa fupi zaidi, anasema, kona mbili zimenyooshwa, mtalii anazunguka kisiwa kizima kwa nusu siku, na hata kaburi moja halikuguswa.

Sasa salamu. Mimi sijambo. Goti la kushoto limeanza kuwa na maoni yake, na nyumba yangu iko ghorofa ya nne, kwa hiyo tunajadiliana kila jioni. Chuoni bado nafundisha, gazetini bado naandika, na bado wanaandika kunitukana, ndivyo ninavyojua kwamba wananisoma. Wifi yangu hajambo? Binti yako alifaulu ule mtihani, au ndiyo mmeamua shangazi asiulize? Na Baba? Usinijibu "yupo". Kila mtu yupo.

Nataka unifanyie kazi moja. Kila wiki unawapakia watalii kwenye gari lako, unawapitisha vijiji vyote vya barabara ya pwani, wanapiga picha milango ya watu. Safari hii zunguka kwa ajili yangu. Simama kila kijiji, uliza: barabara mpya ilipopita, iligusa nini? Makaburi, visima, kuta, chochote. Niandikie kijiji kimoja kimoja. Nitawajibu hawa mabwana kwa kijitabu kizima, si kwa makala.

Na usinipigie simu. Kwenye simu tunagombana baada ya dakika mbili. Kwenye barua unalazimika kunisikiliza mpaka mwisho.

Dada yako


29 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu meli ilikuwa matengenezoni. Siku zilizobaki nimeichelewesha mwenyewe.

Hata mimi naona barua ni bora. Simu yangu ina sauti kubwa na Baba yuko chumba cha pili.

Wifi yako anakusalimu. Binti alifaulu, anasema ulikuwa unamtakia afeli ili upate cha kuandika. Baba anakaa dirishani mchana kutwa akisikiliza magari. Hayaoni vizuri tena lakini anayajua. Jana alisema, "Huyu anaua gia, na akifika kwenye mteremko wa jiwe la kumi na tano atajua." Mkono wa kulia hauinui kikombe. Daktari anasema moyo umechoka, hakuna tiba ya kuuambia upumzike. Baba mwenyewe hana neno na moyo. Anachotaka ni kulazwa karibu na Mama siku ikifika. Anasema "hatua sitini", kisha ananitazama.

Nimeanza kazi yako. Nimeanzia mwisho wa barabara, jiwe la kilomita la 62, narudi nyuma kuelekea bandarini kwenye sifuri.

Nimesimama kijiji cha 58. Naandika namba kama Baba, maana mimi na wewe hatukuwahi kufundishwa majina ya vijiji hivi. Kwake kila kijiji kilikuwa jiwe lililo karibu nacho. Hapo 58 kuna duka moja, na mwenye duka ndiye kinyozi na ndiye fundi redio. Mteja akiwa nusu amenyolewa na mwingine akaja kutaka sabuni, wa kwanza anasubiri na nusu kichwa. Watalii wanapapenda. Nilimuuliza swali lako. Akasema barabara ilichukua kipande chembamba cha ukuta wake wa mbele, ndiyo maana mlango unafunguka moja kwa moja kwenye lami. "Nikipiga chafya," akasema, "napigiwa honi."

Kijiji cha 52 ni cha chumvi. Wanawake saba wanakwangua mabwawa kwa mbao ndefu, wanarundika vilima vyeupe, mgongo umekunjwa kuanzia asubuhi. Waliniambia kisima chao cha maji matamu kilizikwa chini ya tuta la barabara, sasa wanayafuata mbali. Mtalii mmoja mwanamume aliwauliza kupitia kwangu kama wana furaha. Mkubwa wao akasema nimjibu kwamba watatafuta nafasi.

Makaburi, hakuna aliyetaja.

Utakuja lini?

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote. Mwambie binti kwamba ulimi huo ameurithi kwangu na kwamba autunze, utamharibia ndoa mbili tatu lakini utamlisha.

Kisima ni kizuri. Ukuta ni mzuri. Hayo ndiyo ninayoyataka. Lakini eleza: kwa nini unazunguka kisiwa kinyumenyume? Hakuna mtalii anayeanzia 62. Sisi tulizaliwa barabarani, tukalelewa kwenye kambi ya wafanyakazi wa barabara, mahema yakihama kila baada ya wiki chache kufuata mashimo. Sisi tunahesabu kutoka sifuri. Unarudi nyuma kama mtu anayetoka chumbani bila kumpa mgongo mfalme.

Nimeshaandika mwanzo wa kijitabu, na nitakushangaza: naanza kwa kuwapa haki yao. Naanza na kaburi la Mama, kama mfano wa kaburi ambalo kweli hawakuligusa, ili wasije wakasema nina chuki. Nimeeleza jinsi alivyofariki kambi ikiwa kijiji cha 31, wewe una miaka kumi na miwili, mimi kumi na saba. Jinsi wanakijiji walivyotupa ardhi ukingoni mwa mashamba yao, sisi tusio wa kijiji chochote. Jinsi Baba alivyokataa kuweka alama. Watu wakamwambia weka jiwe, mzee, weka hata ubao. Akasema jiwe analo, amelipanda yeye mwenyewe, limeandikwa 31, na kutoka hapo ni hatua sitini kuelekea baharini, moja kwa moja. "Watu wanakufa, vijiji vinahama. Jiwe la barabara halihami." Nimeyaandika maneno hayo hivyo hivyo.

Nimeandika pia nilivyokuja miaka tisa iliyopita, tukasimama pale watatu, nikalia. Ni ukurasa mzuri, ingawa najisifu.

Kwa hiyo mwambie Baba asiwe na wasiwasi. Hatua sitini kutoka jiwe la 31. Katika familia hii tumebishana juu ya kila kitu ila hilo.

Endelea na 44. Harakisha.

Dada yako


20 Mei

Shikamoo dada,

Hujanijibu utakuja lini.

Tuko salama. Baba amekonda. Tumemhamishia kitanda karibu na dirisha ili asilazimike kuinuka kusikiliza. Wifi yako anamnyoa, mimi ananikataa, anasema mkono wangu una haraka. Siku hizi anakuita kwa lile jina la zamani. "Wakili yuko wapi? Mwiteni Wakili, kuna kesi."

Hukosei kuhusu mwendo wangu. Watalii waliuliza pia. Niliwaambia upande huu jua haliwapigi machoni.

Kijiji cha 44 ndicho chenye shule. Madarasa manne, kengele yake ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, na mwalimu mkuu huigonga kwa boliti. Alinipeleka ofisini mwake, meza moja, kabati lisilofunga, ramani ya kisiwa ukutani imeliwa na mchwa upande wa kaskazini. Ananung'unika kuhusu barua. Anwani ya shule bado inasema "mara tu baada ya jiwe la 44", kama ilivyoandikwa enzi hizo, kwa hiyo mgeni anayetoka bandarini anaipita shule bila kuiangalia, anafika kwenye jiwe, anaanza kuitafuta mbele, na wengi wanaishia kwenye chumvi kule 52. Mkaguzi wa elimu alipotea hivyo mwaka jana. Mwalimu mkuu hakumtuma mtu kumtafuta.

Kijiji cha 37 ni cha wachoma chokaa. Umekisahau? Harufu ya tanuri ilikuwa inakutapisha. Mzee mmoja bado anachoma, amevimba macho kwa moshi. Alinitambua kwa uso wa Baba. Akasema Baba alikuwa akija na ndoo mbili kila mwanzo wa kiangazi, anachagua chokaa kama mtu anayechagua unga, kwa ajili ya kupaka mawe yake. "Halafu siku moja akaacha kuja," akasema. "Wale wapya wakaja na rangi ya kopo. Baba yako sikumwona tena akipaka jiwe hata moja. Kwani aligombana nayo?"

Nilinunua ndoo moja ya chokaa, sijui ya nini. Iko nyuma ya gari.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, leo ni fupi.

Shule haitembei.

Ikiwa zamani mtu alipita jiwe la 44 kwanza ndipo akaikuta shule, na leo anaikuta shule kwanza ndipo afike kwenye jiwe, basi jiwe ndilo limetembea. Na msemaji wao alisema barabara imekuwa fupi, kona mbili zimenyooshwa. Nilisoma sentensi hiyo mwezi Machi, nikaikasirikia, na sikuielewa. Mimi, ninayewafundisha watu kusoma.

Kona zile ziko wapi? Nimefunua ramani mbili za maktaba ya chuo, ya zamani na mpya. Ziko kati ya 19 na 31.

Kwa hiyo kila jiwe baada ya hapo lilisogezwa. Nakuuliza swali moja na nataka jibu moja: jiwe la 31 nalo?

Dada yako


11 Julai

Dada,

Barua yako imefika. Baba hajambo kidogo. Watalii ni wengi.

Nitaandika.


3 Agosti

Shikamoo dada,

Wote wazima, isipokuwa yule ambaye tunajua si mzima. Baba anakunywa uji kwa kijiko na anakilalamikia kijiko.

Nalo, dada. Jiwe la 31 nalo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba ndiye aliyeniombea kazi, kwa wale wajenzi wapya, na alijivunia, alinipa buti zake. Walinifanya msimamizi wa kundi dogo, watu sita na lori moja. Kazi yetu ilikuwa kung'oa mawe na kuyapanda upya mahali papya. Mimi ndiye niliyeshika orodha. Tunachimba kuzunguka, tunatia mtaimbo, tunalilaza, tunalipandisha kwenye lori, tunasogea mbele kama mita mia saba, tunalishusha. Siku hiyo wingu lilikuwa limekaa vibaya na nilitaka tumalize kabla ya mvua. La 29, la 30, la 31. Unakumbuka lilikuwa na pengo begani, nyundo ya Baba iliteleza wakati analichonga? Nililiona lile pengo. Niliweka kidole changu ndani yake ili nilishike vizuri. Na sikukumbuka, dada. Naapa sikukumbuka. Nilikuwa nawaza mvua.

Jioni Baba akaniuliza, "Mmefika wapi?" Nikamwambia thelathini na nne.

Akaweka kikombe chini. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilitoka alfajiri, nikakimbia na baiskeli. Greda lilikuwa limeshapita. Pale barabara ya zamani ilikuwa inapinda kuelekea baharini, mpya imekata moja kwa moja kwa ndani, na ile ya zamani walikuwa wameshaifuta, wameisawazisha kama kitanda kilichotandikwa. Nilisimama pale nikageuka pande zote. Sikujua hata barabara ilikuwa wapi, sembuse jiwe, sembuse hatua sitini.

Ofisini kwao niliuliza. Mmoja akasema tulisogeza mita mia sita na themanini, mwingine mia saba na arobaini. Kati ya namba hizo mbili yuko Mama.

Mwaka ulipotimia Baba akasema twende tukamsalimie mama yako. Alikwenda hadi jiwe la 31, lile jipya. Akaligeuzia mgongo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nilimfuata nyuma. Alipofika sitini akasimama, akavua kofia. Dada, mtu aliyeipima barabara ile kwa kamba kutoka sifuri, utamdanganyaje kwa mita mia saba? Pale kwa Mama bahari ilikuwa inasikika. Hapa haisikiki. Mwaka wa tatu au wa nne alisema, "Siku hizi bahari imesogea." Hilo tu. Nami nikasema ndiyo, Baba, imesogea.

Miaka ishirini na minne tumekwenda kumsalimia mtu asiyekuwepo pale, kila mmoja akimfichia mwenzake alichokwisha kukijua. Miaka tisa iliyopita ulikuja, ukalia mahali hapo, na sisi wawili tukatazama chini.

Juzi nimefika kijiji cha 31, kwa ajili ya kazi yako. Nilikuwa nimebakiwa na visingizio vichache. Lile shamba tunaposimama ni la mama mmoja, anapanda viazi. Nilimuuliza kama nilivyowauliza wote: barabara iligusa nini? Akasema, "Hapa? Haikugusa kitu, mwanangu. Hata kaburi lenu nimelilinda." Akanionyesha. Katikati ya matuta yake kuna kipande cha ardhi, ukubwa wa mkeka, hakijawahi kulimwa. "Niliona mzee anakuja kila mwaka anavua kofia," akasema. "Nikajua hapo pana mtu wenu. Nikawa nalima nikizunguka."

Nilimshukuru. Nilishindwa kumwambia.

Sasa Baba anataka kulala karibu na Mama, na mimi sijui nimpeleke wapi. Njoo dada. Njoo unitukane ana kwa ana.

Mdogo wako


19 Septemba

Dada,

Sina hakika kama bado naruhusiwa kukuamkia. Shikamoo.

Hukujibu barua. Nilipokupigia simu siku ile kukwambia Baba ametutoka, ulisema "Nimesikia", ukakata. Tulikusubiri meli ya kwanza, tukakusubiri ya pili. Wifi yako alikutandikia kitanda, bado hajakitandua. Hatukuweza kusubiri zaidi.

Nakuandikia ujue alivyoondoka na alipo.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa na akili zake timamu. Nilikaa kitandani, nikamwambia nimekuandikia kuhusu jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yetu. Gari lilipita nje, akalisikiliza mpaka likaisha.

"Umemwambia Wakili?"

"Nimemwambia, Baba."

"Amesemaje?"

"Bado."

Akacheka, dada, kicheko kidogo cha puani. "Anatafuta vitabu," akasema. Kisha akaniambia hivi, na sijaongeza neno: "Mama yako tumempoteza mimi na wewe. Wewe ulilihamisha, lakini mimi ndiye niliyeliamini. Waliniambia niweke alama, nikajiona fundi. Mimi unizike pale tulipozoea kusimama. Yule mwenye shamba amelima akizunguka miaka yote hii, tusimfanye mjinga. Na usinipimie hatua. Niwekee jiwe langu mwenyewe, lisiwe na namba."

Tulimzika katika kile kipande cha ukubwa wa mkeka. Kilimtosha kama kilichokatwa kwa kipimo chake. Yule mama wa shamba alisimama pembeni akilia, akasema sasa mzee amerudi kwa mkewe. Watu wote wakaitikia. Mimi niliitikia pia.

Jiwe nimelichonga mwenyewe, vibaya. Ile ndoo ya chokaa ya 37 nimejua ilikuwa ya nini.

Kijitabu chako ukitaka ukichapishe. Weka jina langu. Sitakulaumu.

Mdogo wako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakuitikia kwanza ili usihangaike barua nzima. Marahaba, na hata ile ya Agosti, marahaba.

Kitanda wifi asikitandue. Mkumbatie kwa ajili yangu, na binti pia. Goti ni lile lile. Chuoni nimeomba likizo, wamenipa upesi kiasi cha kunitia shaka.

Siku ile uliponipigia nilikwenda bandarini na begi. Nilikata tiketi. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia meli ikipakia, ikavuta daraja, ikaondoka. Ya pili vile vile. Mhudumu mmoja wa bandari akaniuliza, "Mama, unasindikiza nani?" Nikamwambia sijui.

Nimepata barua yako ya Septemba nikiwa nimejiandaa kukuchinja. Nilikuwa na kurasa kumi na moja. Mdogo wangu mwenyewe, mikono yake mwenyewe, kidole ndani ya pengo! Hakuna adui aliyewahi kunipa silaha nzuri namna hiyo. Niliandika kwa siku nne, na siku ya tano nikafika kwenye ule ukurasa wangu mzuri, ule wa mazishi ya Mama, ambapo nimeandika "tulihesabu hatua sitini, sisi watatu". Kalamu ikagoma.

Kwa sababu sikuhesabu. Wewe ulihesabu, Baba amekushika mkono, nakumbuka sauti yako ikipanda hadi kumi na tisa, ukaruka ishirini kwa kwikwi, akakurudisha. Mimi sikuja. Gari la kunipeleka shule ya bweni lilikuwa linapita mchana ule ule, nami nilikuwa nimeshafunga sanduku. Niliogopa kwamba nikifika pale nikiona udongo, Baba ataniomba nibaki nikulee, nami nitakubali. Nilikaa juu ya jiwe, mdogo wangu. Juu ya jiwe la 31 lenyewe, na sanduku miguuni, nikawapa mgongo. Najua lilivyokuwa la moto. Kingine sijui. Na miaka tisa iliyopita, nilipolia pale shambani, sikuwa nalia kwa kukumbuka mahali. Nilikuwa nalia kwa sababu ndiyo kwanza nafika.

Ndiyo maana sikuwa nakujibu nitakuja lini.

Kwa hiyo katika watu watatu, mmoja aliliamini jiwe, mmoja alilihamisha, mmoja alilikalia. Jina lako nikiliweka, ninayaweka yote.

Sijakusamehe kuhusu jiwe, maana hapo sina la kukusamehe. Ulikuwa kijana na mvua inakuja. Ninachokukasirikia ni miaka. Ungeniambia mapema, wakati waliokuwa wakipita pale kila siku bado wako hai, tungempata. Hilo nitakukasirikia mpaka nife, na utanivumilia, ndiyo kazi ya wadogo.

Na yule msemaji asidhani amepona. Amesema kweli, na ndiyo ubaya wake. Kuna ukweli unaopimwa kwa futi ili usije ukamgusa mtu. Hawakuligusa kaburi. Walikugawia orodha yenye safu ya namba ya zamani na safu ya namba mpya, na katika watu wote wenye vyeti waliokaa mezani kuichora, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuongeza safu ya tatu: nani ameegemea jiwe hili? Waliona mawe ni mali ya barabara. Wangeuliza kijiji kimoja tu. Hilo nitaliandika, na jina litakuwa langu.

Lakini kitabu kinaweza kungoja. Kuna karatasi moja imekunjwa ndani ya bahasha hii. Iandike upya kwa mwandiko wako, unasomeka kuliko wangu. Ibandike dukani 58, kwenye chumvi 52, shuleni 44, kwenye tanuri 37, maana watu wa 31 wameolewa na kuhamia kote huko. Katika kila safari yako isome kwa sauti, watalii wasubiri. Kwanza kabla ya yote msomee yule mama wa shamba, taratibu, umweleze kwamba kulima kwake akizunguka hakukupotea bure, Baba yuko pale. Nakuja na meli ya tarehe kumi na tano mwezi ujao. Karatasi inasema hivi:

"Kwenu mliokulia kijiji cha 31, popote mlipo sasa katika barabara hii.

Kabla barabara haijanyooshwa, jiwe lenu lilikuwa mahali pengine, ambapo barabara ilipinda na bahari ilisikika. Lilikuwa na pengo begani. Sisi ni watoto wa mtu aliyelipanda. Mama yetu amelala hatua sitini kutoka hapo kuelekea baharini, hana alama, na sisi ndio tuliompoteza. Hatutafuti wa kulaumiwa.

Ofisi haikumbuki, ramani haikumbuki. Ninyi mnakumbuka, kwa miguu kama si kwa kichwa. Wewe uliyekuwa ukifungia mbuzi pale. Wewe uliyeegemea ukisubiri gari. Wewe uliyekalishwa juu yake ukiwa mdogo, ukafungwa kidonda. Wewe uliyeahidiwa na mtu kwamba mtakutana kwenye jiwe, na hakuja.

Jumamosi, tarehe kumi na sita, saa mbili asubuhi, nenda ukasimame lilipokuwa. Si lilipo sasa. Mkibishana, msikubaliane kwa kutuonea huruma. Kila mmoja asimame pale anapoamini, na asisogee. Tutakuja kwa miguu, mimi na mdogo wangu. Tutaanzia miguuni pa kila mtu, na tutahesabu sitini. Safari hii wote wawili.

Njooni msimame."